"Nyumba hii haiuzishwe": historia ya karatasi, mashahidi na maavoka katika mauzo ya nyumba huko Kivu

Kwenye kuta nyingi za Goma na Bukavu kuna maandishi ya rangi nyekundu ao nyeusi, kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili: Nyumba hii haiuzishwe. Mgeni anayeshuka bandarini kwa mara ya kwanza anaweza kushangaa. Kwingine mtu anaandika ukutani kwamba anauza; huku mtu anaandika kwamba hauzi. Mwenyeji hashangai. Anajua kwamba maandishi hayo hayasemi na mnunuzi peke yake. Yanasema pia na mdogo wa mwenye nyumba, na mpangaji aliyekaa miaka mingi, na mtoto wa ndoa ya kwanza, na komisioneri anayezunguka kartie akiwa na simu mbili mkononi.

Rangi hiyo ina historia ndefu nyuma yake. Kwa zaidi ya miaka 130 nyumba na mashamba ya nchi hii yamekuwa yakihama kutoka mkono hadi mkono kwa karatasi ambayo watu wengi hawakufundishwa kuisoma, na mara nyingi aliyejua kuisoma ndiye aliyebaki na nyumba. Leo familia nyingi zilizohama zinauza nyumba zao kwa simu, zikiwa Nakivale huko Uganda, Musenyi huko Burundi, ao kwa ndugu huko Kinshasa. Kwa familia hizo historia hii si mambo ya wazee.

Kabla ya karatasi kulikuwa na mashahidi. Huko Bushi, kwenye milima inayozunguka Bukavu, mtu aliyetaka mahali pa kukaa na kuachia watoto alitoa kalinzi: ng'ombe ao mbuzi, kwa mwami ao kwa mkubwa wa kilima aliyesimama kwa jina lake. Kalinzi haikuwa bei ya udongo. Ilikuwa alama kwamba mtu ameingia katika ulinzi wa mwami na ana haki ya kurithisha. Aliyetaka kulima msimu mmoja ao miwili tu alichukua bwasa, na mwenye bwasa hakuruhusiwa kupanda migomba, kwa sababu mgomba unakaa miaka mingi na anayeupanda anaanza kuonekana kama mwenye mahali. Hakuna aliyeandika kitu. Lakini tendo lilifanyika mchana, mbele ya majirani, na hao ndio walioitwa siku ya ugomvi. Tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi: mashahidi wanakufa, na mkubwa wa kilima aliweza kusahau kwa kupenda. Ila hakuna aliyeweza kuuza mahali pa jirani yake akiwa amelala nyumbani kwake bila kilima kizima kujua.

Tarehe 1 Julai 1885, msimamizi mkuu wa Dola Huru la Kongo, Mwingereza Francis de Winton, alitoa amri juu ya ardhi. Amri ilisema kwamba ardhi tupu ni mali ya dola, na kwamba wenyeji wasiondolewe kwenye ardhi wanayoikaa. Sentensi hiyo ya pili ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa neno "tupu". Shamba lililopumzishwa, malisho ya ng'ombe, msitu wa kuwindia, vyote vilionekana vitupu machoni mwa mtu aliyetoka Ulaya.

Mwaka uliofuata, 1886, dola ikaleta namna ya kuandikisha ardhi iliyoigwa kutoka Australia, ambako Robert Torrens aliianzisha mwaka 1858. Wazo lake ni jepesi, na ndilo linaloongoza hata leo. Serikali inashika kitabu. Kila kiwanja kina ukurasa wake, na mwenye jina kwenye ukurasa huo anapewa nakala, yaani sertifika. Nyumba haihami kwa kupeana mikono wala kwa kupeana funguo. Inahama siku jina linapobadilishwa kitabuni. Ni mpango mzuri kwa anayefikia kitabu. Kwa miaka mingi waliokifikia walikuwa makampuni, misioni na wakoloni wenye mashamba ya kahawa na chai.

Mwafrika wa mjini alikuwa na karatasi ya namna nyingine. Katika sehemu zilizopangiwa watu weusi, kama Kadutu huko Bukavu, mji ulioitwa Costermansville wakati huo, alipewa kibali cha kukaa, na kile kitabu kidogo ambacho wazee bado wanakitaja kama livre ya lojeri. Kilionyesha nani anakaa wapi. Hakikumfanya mwenye mali. Katika miaka ya 1950 ofisi ya makao ya Waafrika, OCA, ilijenga nyumba huko Bagira ambazo mfanyakazi aliweza kuzilipia kidogokidogo, na dekreti ya tarehe 10 Februari 1953 ikamfungulia Mkongo mlango wa kuwa na nyumba yake mwenyewe kisheria. Walioupita mlango huo hawakuwa wengi. Uhuru ulikuwa umebakiza miaka saba.

Na wa kuwaelezea sheria walikuwa wapi? Mwaka 1960, Marcel Lihau, mmoja wa Wakongo wa kwanza kusomea sheria katika chuo kikuu, alikuwa bado mwanafunzi huko Louvain. Hilo linasema vya kutosha. Nchi ilirithi vitabu vya ardhi, ikarithi pia dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, bila kuwa na watu wa kuvifungua kwa niaba ya mkaaji wa kawaida. Chama cha maavoka kilipangwa kwa sheria mwaka 1968, kisha tena mwaka 1979.

Kabla ya hapo, mwezi Juni 1966, zilitoka sheria mbili zenye namba zinazofuatana. Ya kwanza, 66-343 ya tarehe 7 Juni, ndiyo inayojulikana kwa jina la mbunge Bakajika: serikali ilijirudishia haki zote juu ya ardhi ambazo ukoloni ulikuwa umezigawa. Ya pili, 66-344 ya tarehe 9 Juni, ilikuwa juu ya akti za notari. Ya kwanza ilipigiwa makofi. Ya pili haikuzungumziwa sana, lakini kwa mtu anayeuza nyumba yake leo, hiyo ya pili ina uzito karibu sawa.

Halafu ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa tarehe 18 Julai 1980. Kila avoka wa mambo ya ardhi anatembea nayo mkobani. Inasema kwamba udongo ni mali ya serikali peke yake, na hauuzwi. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Himbi ao wa Nyawera, hata akihesabu dola za mnunuzi mezani, hauzi udongo. Anauza kuta, bati, na haki ya kukaa mahali pale ambayo serikali imempa. Mkongo anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho. Mgeni anapewa ya miaka yenye kuhesabiwa. Na haki hiyo inasimama kisheria kwa karatasi moja tu, ile sertifika.

Hapo ndipo wauzaji wengi wanapoteleza. Karatasi inayoandikwa mbele ya shefu wa kartie, yenye sahihi za mashahidi wawili watatu na muhuri wa rangi ya bluu, si karatasi ya bure. Dekreti ya 1888 inasema mauzo yanatimia kati ya muuzaji na mnunuzi mara wanapopatana juu ya kitu na bei. Shefu wa kartie amekalia kiti cha mkubwa wa kilima, na majirani wanaokunywa soda siku hiyo ndio mashahidi wa kalinzi waliovaa nguo mpya. Lakini jina halihami kitabuni kwa karatasi hiyo. Ili konservateri wa hati za ardhi afute jina moja na kuandika lingine, anataka sertifika ya zamani irudishwe, na akti iliyopita mbele ya notari, ama hukumu ya mahakama. Mnunuzi mwenye karatasi ya shefu tu anabaki na ahadi, na muuzaji anabaki na jina lake kwenye nyumba aliyokwisha kuila. Ugomvi ukitokea, wote wawili wanaitwa.

Tena kuna wale ambao hata sertifika hawana. Katika kartie kama Ndosho, Katoyi ao Majengo, watu wengi walijenga wakiwa na fishi ya parseli ao kontra ya muda kutoka serikalini, ambayo kwa kawaida ilipaswa kufuatwa na sertifika baada ya kujenga. Miaka ikapita, hakuna aliyerudi biro. Na nje ya miji mambo ni mabaya zaidi. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba ordonansi ya rais itapanga haki za watu kwenye ardhi ya desturi. Ikapita miaka kumi, ishirini, arobaini, na ordonansi hiyo haikutoka. Kalinzi ikabaki inaning'inia, haijafutwa wala haijapokelewa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuuza, lakini akti iseme wazi anachokiuza: nyumba yenye fishi, nyumba yenye kontra iliyokwisha, shamba la kalinzi. Akiandika kwamba ana kila kitu na baadaye ikaonekana mali ni ya mwingine, mauzo yanavunjika, na yeye mwenyewe anaweza kushitakiwa kwa kosa ambalo sheria ya makosa inaliita stelionati, kuuza mali isiyohamishika ambayo si yako. Watu wanafikiri avoka ni wa mnunuzi, kwa sababu ndiye anayetoa pesa. Muuzaji ndiye anayeweza kwenda gerezani.

Hatari ya pili iko ndani ya nyumba yenyewe. Kodi ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka bwana na bibi wote wawili wakubali kabla ya kuhamisha haki ya kiwanja, hata kama sertifika ina jina la bwana peke yake, hata kama walioana kwa mpango wa kutenganisha mali. Huo ni ulinzi mkubwa ambao wanawake wengi hawaujui. Bwana anauza, anasema atanunua kubwa zaidi Sake, bibi anasikia habari siku mnunuzi anapoleta fundi wa kubadilisha kufuli. Sahihi yake haikuwa kwenye akti. Avoka ana pa kuanzia.

Na bwana akifa? Chukua mfano wa mjane yeyote wa Bagira ao wa Majengo. Siku arobaini hazijaisha, ndugu za marehemu wanakaa kikao na kusema nyumba ni ya ukoo. Kodi ya familia haisemi hivyo. Watoto wa marehemu, wa ndani na wa nje ya ndoa waliokubaliwa naye, ndio warithi wa kundi la kwanza na wanachukua robo tatu. Mjane yuko kwenye kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, na kundi hilo linagawana robo iliyobaki. Lakini zaidi ya fungu hilo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe na kutumia vyombo vyake. Nyumba ya marehemu haiwezi kuuzwa sawasawa na shemeji mmoja mwenye sauti kubwa. Warithi wote wanapaswa kuonekana kwenye karatasi, na kwa watoto wadogo anasaini anayewasimamia kisheria. Mnunuzi anayeruka hatua hiyo ananunua kesi. Mjane anayesaini bila kueleweshwa anauza paa la watoto wake.

Vita na moto wa mlima vilikuta mambo yakiwa hivyo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, mawe ya mipaka yakafunikwa pamoja na nyumba, na waliorudi kutoka Gisenyi walipima viwanja vyao kwa kukumbuka. Kati ya 1998 na 2003 biro za serikali huku mashariki zilikuwa chini ya RCD-Goma. Tangu Goma ilipoanguka mwisho wa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, biro za miji hiyo ziko tena chini ya utawala ambao Kinshasa haiutambui. Mhuri wa wakati kama huu unaweza kuulizwa maswali siku nyingine, na anayeuza ao kununua sasa anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi kabla ya kuhesabu pesa. Benki zilipofungwa, pesa zikawa zinapita mkono kwa mkono, bila alama yoyote isipokuwa reseti ya daftari la shule.

Kwa aliye mbali, kuna kanuni moja ya sheria ya 1973 inayouma kuliko zote. Sertifika ikishatolewa, inaweza kushambuliwa mahakamani kwa muda wa miaka miwili. Baada ya hapo, kwa kanuni, jina lililo kitabuni haling'olewi. Aliyeonewa anaweza kudai fidia tu. Kanuni hiyo iliwekwa ili mnunuzi mwema alale usingizi. Haikumfikiria mtu aliyekimbia Rutshuru ao Masisi na kukaa miaka mitatu kambini. Miaka miwili inakwisha akiwa anapanga mstari wa unga. Kwa hiyo msaada wa sheria kwa mhami haungoji siku ya kuuza. Avoka anaweza kwenda biro ya ardhi, kuomba kujua ukurasa wa kiwanja unasema nini leo, na kuandikia konservateri barua ya kupinga uhamisho wowote kabla haujafanyika. Hiyo ndiyo "haiuzishwe" iliyoandikwa mahali inapoweza kusomwa na anayebadilisha majina.

Halafu kuna barua ya kumtuma mtu, ile inayoitwa prokirasio. Mhami yuko Nakivale, mnunuzi yuko Goma, mdogo wake yuko tayari kusaini. Dekreti ya 1888 ilikwisha kulifikiria jambo hili: barua yenye maneno ya jumla, kama "namwachia mdogo wangu mali zangu zote azisimamie", inampa haki ya kusimamia tu, kupangisha, kutengeneza bati, kupokea kodi. Haimpi haki ya kuuza. Ili auze, neno kuuza lazima liandikwe waziwazi. Maavoka waangalifu wanaongeza mengine: nyumba ipi, bei isiyoshuka chini ya kiasi gani, pesa zipokelewe na nani na kwa njia gani, na barua imalizike tarehe gani. Ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp si prokirasio, hata kama kaka analia ndani yake. Na asiyetaka kuuza asisaini karatasi ya jumla akidhani haina nguvu. Wako wajanja wanaojua kuipitisha mbele ya biro isiyouliza sana.

Mara nyingi watu wanachanganya kazi za hawa watu wa sheria. Notari, ambaye kazi yake ilipangwa upya kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, anashuhudia: ninyi ndio ninyi, mmesaini mbele yangu. Hasimami upande wa mtu, wala haulizi kama bei inakuonea. Avoka anasimama upande wa aliyemwajiri, ndiyo sababu avoka aliyeletwa na mnunuzi ni wa mnunuzi, hata akikupigia simu kwa upole kila jioni. Mtetezi wa mahakama, ambaye si avoka lakini anaruhusiwa kusimama mbele ya mahakama za chini, anaweza kusaidia kwa gharama ndogo. Komisioneri hana upande isipokuwa asilimia yake. Anayo kazi yake, anajua bei za kila kona, lakini akti si kazi yake.

Pesa za avoka zinawatisha wengi, na si bila sababu. Lakini ordonansi-sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, ileile inayopanga kazi ya maavoka, inaagiza kila chama cha maavoka kiwe na biro ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Si kila mahali biro hiyo ina mlango na kibao. Mara nyingine ni meza moja ndani ya jengo la mahakama, na vita vimeihamisha zaidi ya mara moja. Wazee wa sheria wamekuwa wakiipitisha kutoka kizazi hadi kizazi, na vijana wanaojifunza uavoka ndio wanaokaa hapo.

Anayefika kwenye meza hiyo anaulizwa kwanza ana karatasi gani. Alete sertifika, fishi ao kontra, na kama ziliungua ao zilibaki, alete hata picha yake iliyo kwenye simu, kwa sababu namba ya sertifika inatosha kuanza kutafuta ukurasa. Alete akti ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi ya kifo kama mwenye nyumba amekufa, na majina ya majirani wa pande nne ambao bado wako hai. Swali linalofuata ni kama kuna kitu amekwisha kusaini. Kama jibu ni hapana, kazi inaweza kuwa ya siku chache. Kama jibu ni ndiyo, kijana aliye mezani anachukua faili mpya, anaandika tarehe ya sahihi juu kabisa, na kuanza kuhesabu miezi.